Mama Sabungan Adai Shukrani Yake

Tiominar Hutagaol hakujua kuomba kwa kuzungukazunguka. Akina mama wenzake wa kijiji cha Lumban Aek wakipiga magoti walimwomba Mungu amani, afya na moyo wa kuridhika, halafu wakifika nje ya kanisa wanaanza kuulizana bei ya kahawa. Yeye alisema wazi kwamba anataka hela. Alisema hivyo hata kwenye ibada za nyumbani, mbele ya wazee wa kanisa walioshika vikombe vya chai. Alipoambiwa kwamba maombi ya namna hiyo hayana adabu, alijibu kwamba Mungu ana dunia nzima ya kuangalia, hana muda wa kufumbua mafumbo ya akina mama wa Kibatak.

Watu walimwita Mama Sabungan, kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama tunavyoitana wote huku Toba, kando ya ziwa la Wabatak, kaskazini mwa Sumatra. Mumewe, Baba Sabungan wa ukoo wa Napitupulu, alikuwa dereva wa lori la mbao kwenda Medan na kurudi, mpaka mgongo ukamgomea. Sasa asubuhi alisaidia kwenye vizimba vya samaki, na jioni alikuwa kilabuni akicheza sataranji na kuimba. Sauti aliyoimbia nyimbo za tuak, pombe yetu ya kugema, ndiyo hiyo hiyo aliyoimbia tenzi Jumapili, na kuna siku beti zilimchanganyikia katikati ya ibada. Alikuwa mtu aliyeridhika. Hilo lilimkera mkewe kuliko ule mgongo.

Vizimba vyenyewe vilikuwa nyavu zilizoning'inizwa kwenye mianzi na mapipa matupu, ziwani, hatua chache kutoka nyuma ya nyumba yao. Humo Tiominar alifuga samaki wa dhahabu. Hawana dhahabu yoyote zaidi ya rangi ya magamba, lakini bila wao hakuna jambo linalosimama kwetu. Mtoto akizaliwa, nyumba ikifunguliwa, binti akiolewa, ndugu wa upande wa mke lazima walete samaki huyo mzima mzima, amepikwa akawiva kwa manjano, kichwa kimeelekezwa kwa anayebarikiwa. Kwa hiyo Tiominar alikuwa akiuza baraka kwa kilo, na bado paa la jikoni lilikuwa linavuja.

Utajiri aliutaka kwa sababu moja, naye hakuificha. Alitaka wifi yake amwone.

Wifi huyo, Mama Jogi, alikuwa dada wa Baba Sabungan. Aliolewa na mtu mmoja wa ukoo wa Siahaan aliyekwenda Jakarta akatajirika kwa kuuza vipuri vya magari, akamjengea mkewe nyumba ya ghorofa pale pale Lumban Aek, yenye nguzo nene kama za ofisi ya gavana na geti lenye simba wawili wa saruji. Sasa, kwa mila zetu, mwanamume aliyeoa binti wa ukoo ndiye mtumishi wa wakwe zake karamuni. Anabeba sahani, anagawa wali, jasho linamtiririka, na wakwe wamekaa. Lakini Baba Jogi alipokuja kutoka Jakarta na viatu vyake vinavyolia, watu walimpokonya sahani mkononi wakampa kipaza sauti. Baba Sabungan, ambaye kimila ndiye mkubwa pale, alijikuta anampisha kiti, tena kwa tabasamu.

Na kila Mama Jogi alipopata jambo jipya, gari au ghorofa au mtoto kuhitimu, ni kaka yake aliyepaswa kumpelekea samaki wa baraka. Samaki hao walitoka vizimbani kwa Tiominar.

"Nambariki kwa samaki wangu mwenyewe," alimwambia mumewe siku moja wakiwa wametoka huko na sufuria tupu. "Yeye anapata gari, mimi napata kuosha sufuria."

Baba Sabungan alisema sufuria ni nzuri, haijashika masizi. Siku hiyo alilala bila kusemeshwa.

Sasa kanisani kwetu, kila Jumapili kabla ya mahubiri, Mzee Manaek husoma matangazo. Huyu ni mwalimu mstaafu, aliyewafundisha kusoma nusu ya waumini na kuwachapa nusu nyingine. Husoma nani kafariki, nani anaoa, mwavuli wa nani umeokotwa, halafu husoma shukrani: familia fulani inamshukuru Mungu kwa jambo fulani, na kiasi walichotia kwenye bahasha. Mahubiri watu huyasinzilia. Shukrani hakuna anayezisinzilia. Jina la Mama Jogi lilisomwa hapo mara nyingi kiasi kwamba watoto wa shule ya Jumapili walilijua kabla hawajawajua mitume.

Ikatokea kwamba mhubiri mmoja wa Medan, mwenye suti nyeupe, alikuja kufanya mkutano kwenye ukumbi wa hoteli mjini Balige. Tiominar alikwenda kwa sababu ilitangazwa kuna chakula cha mchana. Mhubiri alifundisha kwamba watu wengi ni maskini kwa kuwa wanamshukuru Mungu baada ya kupata. Alisema mshukuru kabla, tena hadharani, maana Mungu akishashukuriwa mbele ya watu ataona haya kukunyima. Kapu la sadaka lilipopita, Tiominar alilisogeza kwa jirani bila kulitia kitu. Wali alikula mara mbili. Lakini lile neno alilibeba mpaka nyumbani.

Akaanza na kidogo. Alimshukuru Mungu kwa paa la jikoni kutovuja msimu mzima wa mvua, wakati mvua zilikuwa hazijaanza. Paa halikuvuja. Baba Sabungan alijaribu kumkumbusha kwamba yeye ndiye aliyepanda juu na lami, mgongo na yote, ila mkewe alimwambia asimwibie Mungu utukufu. Halafu akashukuru kwa binti yao Rotua kuingia chuo cha uuguzi Pematangsiantar, matokeo yakiwa bado. Rotua akaingia. Hapo Tiominar aliona kwamba miaka yote alikuwa akimwendea Mungu kwa mlango wa nyuma kumbe wa mbele uko wazi.

Mwezi wa Oktoba vizimba vyake vilikuwa vimejaa kuliko wakati wowote. Samaki walikuwa wanene, wanarukiana wakati wa kulishwa, na msimu wa harusi ulikuwa unakaribia, Desemba, wakati Wabatak wote wa Jakarta wanaporudi kuoana na kutambiana. Mavuno yale yangetosha kununua gari dogo la mizigo, na kiti cha mbele karamuni kingefuata chenyewe. Tiominar akamuuza nguruwe jike, akatia hela zote kwenye bahasha.

Jumapili iliyofuata Mzee Manaek alifika kwenye jina lake, akasoma: "Familia ya Baba Sabungan inamshukuru Mungu kwa mavuno ya samaki ya mwezi wa Desemba, yaliyokuwa makubwa kuliko yote." Aliangalia kalenda iliyotundikwa ukutani, akawaangalia waumini juu ya miwani. "Yaliyokuwa," alirudia polepole, kama anayesahihisha insha.

Kanisa likacheka. Kwenye benchi la mbele Mama Jogi aligeuza shingo, na cheni yake ya dhahabu ikageuka naye, akamtazama wifi yake akitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Tiominar alilirudisha lile tabasamu na nyongeza. Moyoni alikuwa tayari ameketi ndani ya gari.

Mwishoni mwa Novemba ulivuma upepo wa baridi kwa siku kadhaa, mvua haikukatika, na ziwa likabadilika rangi. Wafugaji wa siku nyingi wanalijua jambo hilo: maji ya chini, yaliyooza, hupanda juu, na samaki hukosa pumzi. Tiominar aliamka alfajiri kwenda kulisha. Kabla hajafika majini aliona vizimba vimekuwa vyeupe. Alidhani ni ukungu. Vilikuwa ni matumbo ya samaki, yamegusana kizimba kizima, hakuna hata mahali pa kupenya kidole. Aliinua mmoja, akamtikisa kama mtu anavyomwamsha mtoto wa shule. Akamwinua mwingine. Baba Sabungan alimkuta bado anaendelea, mmoja mmoja, na alilazimika kumshika mikono yote miwili ndipo akaacha.

Kijiji kizima kilikuja kusaidia kuchimba mashimo. Harufu ilikuwa kali mpaka mbwa walihama. Mtu mmoja alijitia kuchekesha, akasema angalau Desemba imewahi, na Baba Sabungan, ambaye hakuna aliyewahi kumwona akigombana, alimpiga kwa koleo la tope kifuani. Mama Jogi hakuja kuchimba. Alituma maji ya chupa katoni mbili.

Tiominar hakulia. Alikaa ndani mpaka Jumanne, akaoga, akavaa nguo yake ya Jumapili, akaenda ofisini kwa mchungaji.

Mchungaji Saut alikuwa kijana, hiki ndicho kilichokuwa kituo chake cha kwanza, na alikuwa bado anadhani kazi yake ni kuhubiri. Mzee Manaek naye alikuwepo, anapanga matangazo. Mchungaji aliinuka, akampa pole, akamvutia kiti. Tiominar hakukaa.

"Nimekuja kuchukua shukrani yangu," alisema.

Mchungaji alielewa vibaya. Alianza kueleza, huku amejaa haya, kwamba ile sadaka ilishatumika kuezekea choo cha kanisa.

"Hela bakini nayo, Mchungaji. Choo ni jambo la lazima. Mimi nataka maneno. Yalisomwa mbele ya watu, na yarudishwe mbele ya watu. Mwalimu asome kwamba Mama Sabungan anaiondoa shukrani yake, kwa sababu kilichoshukuriwa hakikuletwa."

"Tiominar," alisema Mzee Manaek, "Mungu hadaiwi."

"Simdai, Mwalimu. Nataka maandishi yawe ya kweli. Wewe mwenyewe ulinichapa darasa la tatu kwa kuandika kwamba baba yangu ana farasi."

Mzee Manaek alikumbuka, akainamia makaratasi yake.

Jambo likapelekwa kwenye baraza la wazee, nao walilijadili jioni nzima mpaka kahawa ikaisha. Mmoja alisema shukrani ikishatoka ni kama moshi, huwezi kuurudisha jikoni. Mwingine alihofia kwamba wakiruhusu hili, kesho watu watakuja kuondoa viapo vya ndoa, na hapo alimtazama jirani yake ambaye alikohoa. Wa tatu, aliyekuwa amepitia kilabuni kwanza, alipendekeza litangazwe chini ya vitu vilivyopotea. Mwishowe walikataa. Walimwandalia jibu la upole lenye aya mbili za Biblia.

Tiominar aliwasikiliza waliomletea jibu, akawapa chai, akawaaga. Kuanzia Jumapili hiyo akagoma.

Hakuacha kwenda kanisani, maana hilo lingewafaa. Alikwenda mapema kuliko wote, akakaa benchi la pili, wakati wa wimbo akasimama na kitabu mkononi na mdomo ameufunga kama kifuko cha hela. Sasa kwaya ya akina mama wa Lumban Aek ilikuwa ni Tiominar na watu wengine waliomfuata. Sauti yake ya kwanza ndiyo iliyowaonyesha wenzake njia, na bila hiyo kila mmoja alishika njia yake. Mashindano ya kwaya ya Krismasi yalikuwa yamekaribia. Kiongozi wa kwaya alimfuata nyumbani akimbembeleza, akamwita dada, akamwita mama, na alipotaka kupiga magoti Tiominar alimwambia sakafu imelowa.

Nyumbani ilikuwa hivyo hivyo. Baba Sabungan aliomba kabla ya kula, akafika mwisho, akangoja amina ya mkewe kama alivyozoea tangu waoane. Haikuja. Alingoja mpaka wali ukapoa. Baada ya siku chache akawa anajiitikia mwenyewe, kwa sauti nyembamba, huku anamwangalia mkewe kwa jicho la pembeni kama anayeiba.

Mchungaji Saut ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alimfuata ziwani alikokuwa akisugua nyavu tupu, akaanza habari za Ayubu, jinsi alivyopoteza kila kitu na hakumkufuru Mungu.

"Ayubu alirudishiwa ngamia mara mbili," alisema Tiominar. "Mimi Umoja wa Akina Mama wameniletea trei ya mayai, na mawili yalikuwa viza."

Mchungaji alijitahidi, lakini kicheko kilimshinda, akacheka mpaka akaketi juu ya pipa. Alipojifuta macho alimuuliza, safari hii bila sauti ya kichungaji, kama kweli alikuwa ameamini.

"Niliamini kama ninavyoliamini basi la Medan. Saa halina, lakini linakuja."

"Na sasa?"

"Sasa nimesimama barabarani na mizigo yangu, Mchungaji, na watu wananiona."

Mchungaji aliinuka kwenye pipa, akamsaidia kusugua wavu mmoja, vibaya, akaondoka na mikono yenye magamba.

Jumapili iliyofuata Mzee Manaek aliamka na mafua, ambayo yalipona Jumatatu. Matangazo alisoma Mchungaji mwenyewe. Alisoma msiba wa watu wa ng'ambo, akasoma ndoa mbili, akasoma mwavuli, kisha bila kubadili sauti akasoma: "Mama Sabungan, Tiominar Hutagaol, anaiondoa shukrani aliyoitoa Oktoba. Samaki wamekufa wote. Ana neno na Mungu, na kanisa linaombwa lisimnyamazishe."

Tiominar alikuwa amejiandaa kwa vicheko. Alikuwa na majibu matatu tayari, moja la matusi. Hakuna aliyecheka. Ilisikika mashua ya mtu ikipita ziwani. Alijisikia kama mtu aliyesukuma mlango kwa bega lote akakuta haukufungwa. Wimbo ulipoanza hakuwa amepanga kuimba, ila ubeti wa pili ulimtoka kabla hajaufikiria, na kwaya nzima ikageuka kumtazama kwa shukrani, ikapotea tena njia.

Tatizo lilikuja wiki iliyofuata. Mzee Manaek alifungua sanduku la bahasha akakuta watu wameelewa jambo lile kwa namna yao. Familia moja iliondoa shukrani ya kijana wao kupata kazi serikalini, kwa sababu alipangiwa Papua, mwisho wa nchi, na huko ameoa bila kuwaambia. Bibi mmoja aliondoa shukrani ya macho yake kupasuliwa akaona tena, akieleza kwamba sasa anawaona wakwe zake vizuri. Mtu wa duka aliondoa shukrani ya pikipiki. Mume mmoja, bila jina lakini kwa mwandiko uliojulikana na kijiji kizima, aliondoa shukrani ya mwaka 1998, na kila mtu alipiga hesabu akajua aliyeoa mwaka huo. Mchungaji Saut alisoma chache, kwa uso uliokuwa unapigana na mdomo. Watu wa vijiji vya jirani walianza kuja kwenye ibada yetu kwa ajili ya matangazo, wakiondoka kabla ya mahubiri.

Habari zikafika kwa wakubwa wa kanisa. Mchungaji aliitwa, akarudi akiwa mpole. Likatoka agizo kwamba shukrani itatolewa kwa jambo lililokwisha kutokea tu, na ikishatolewa haitarudishwa. Mzee Manaek alilisoma agizo hilo kwa furaha, na mafua yake hayakuonekana tena.

Alasiri moja ya wiki hiyo Tiominar alikuwa jikoni akimenya vitunguu. Mlango wa nyuma ukagongwa, akaingia Mama Jogi. Hakuwahi kuingia nyumba ile, iliyokuwa ya wazazi wake, kwa mlango wa nyuma tangu aondoke hapo akiwa bibi harusi.

"Kaka yupo?"

"Kaka yako yuko kilabuni anamuua mfalme wa mtu. Karibu, wifi."

Mama Jogi aliketi kwenye kigoda na sketi yake ya Jakarta, miguu ikawa haijui pa kwenda. Alitazama vitunguu. Kisha akauliza ile ya kuondoa shukrani huwa inaandikwaje.

"Wamekataza. Hukusikia Jumapili?"

"Nilisikia. Nauliza inaandikwaje."

Tiominar aliweka kisu chini. Wifi yake alisema akiwa anaitazama sakafu. "Nilishukuru kwa nyumba. Nilishukuru kwa gari, mara mbili. Mwaka juzi nikashukuru kwa miaka yetu ya ndoa, na Baba Jogi hakuwepo, nikasema yuko mkutanoni."

"Nakumbuka. Tulikuletea samaki."

"Hajaja tangu kabla ya hapo, wifi. Yuko Bekasi kwa mwanamke mwingine. Magari yamechukuliwa na benki, ninaposema yako gereji ndiyo hivyo. Nyumba naishi chumba kimoja, vingine nimevifunga kwa sababu siwezi kuvifagia peke yangu. Na bahasha nilizokuwa natia, nilikuwa nauza cheni. Hii uliyoiona ni ya sokoni."

Ungetegemea Tiominar afurahi, na yeye mwenyewe alitegemea hivyo. Alijichunguza akaitafuta ile furaha, asiione. Alichoona ni hasira ya mtu aliyeuziwa kitu kibovu. Wivu wake wote ule, aliouamkia na kuulalia, aliouombea kwa magoti, kumbe ulikuwa juu ya chumba kimoja na cheni ya bandia.

"Wewe mwanamke," alisema, "unajua nilivyokuonea wivu? Kama nguvu hizo ningezitia kwenye nguruwe, leo ningekuwa na ghorofa tatu."

Mama Jogi alicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikamtoka, akakosa leso. Tiominar alimpa kitambaa cha kufutia sufuria. Halafu akafuta mikono, akasimama wima mbele ya jiko, akashusha miwani asiyokuwa nayo mpaka ncha ya pua kama Mzee Manaek.

"Matangazo," alisema. "Familia ya Baba Jogi, yaani mama peke yake, inaiondoa shukrani ya nyumba, na ya magari yote mawili, na ya ndoa. Watoto hawamo, hao walikuja kweli."

"Na hita ya bafuni," alisema Mama Jogi. "Hiyo inafanya kazi mpaka leo. Iache."

"Hita ya bafuni inabaki na shukrani yake. Bwana, umesikia. Ana neno na wewe, na mimi nipo hapa shahidi, usiseme hukuambiwa." Alikaa, akachukua kisu. "Sasa menya vitunguu. Hapa hatuna mtumishi."

Simba wa saruji waliuzwa pamoja na geti lao kwa mwenye hoteli mmoja wa Parapat, ambaye aliona watawavutia wageni, na kwa hela hiyo mawifi wawili walinunua vifaranga vya samaki kwa ubia. Safari hii Tiominar alisogeza vizimba kwenye maji ya kina zaidi na hakuvijaza. Mama Jogi alikuwa anatoka naye kwenye mtumbwi kwenda kulisha. Alikuwa anaogopa maji, akashika kingo mbili za mtumbwi kwa mikono yote na chakula cha samaki akakibana kwa magoti, ila alikuja kila siku. Kila mmoja aliomba kwa namna yake huko majini. Mama Jogi aliomba uvumilivu. Tiominar alimwambia avumilie peke yake, yeye bado anataka gari la mizigo, na hakuona sababu ya kumficha Mungu jambo analolijua. Wakazozana mpaka samaki wakajificha chini.

Mavuno ya kwanza hayakuwa makubwa. Waliyapeleka sokoni Balige siku ya Ijumaa, samaki wangali hai ndani ya beseni la maji. Mama Jogi alijifunga mtandio usoni asijulikane, akasimama nyuma ya mwenzake kama mtu anayengoja basi. Akaja mama mmoja wa mjini, amevaa miwani ya jua, akabinya samaki shavuni, akasema huyu ni wa jana.

Mama Jogi akavua mtandio. Alimuuliza yule mama kama yeye akibinywa shavu hivyo watu watamkadiria miaka mingapi. Akamshika samaki mkia, samaki akampiga yule mama maji usoni, na Mama Jogi akatangaza kwa soko zima kwamba samaki wa Lumban Aek wanajua kujijibia wenyewe, na anayetaka harusi ya binti yake ipate baraka iliyo hai asogee, anayetaka baraka ya barafu aendelee mbele mpaka mwisho wa safu. Sauti ilikuwa ile ile ya akina Napitupulu, ya kaka yake kilabuni, iliyokaa miaka mingi bila kazi ndani ya ghorofa. Watu walianza kujaa. Yule mama mwenye miwani alinunua wawili.

Tiominar alimtazama kidogo, akaona pale yeye hahitajiki. Akavuta gunia, akaketi nyuma ya beseni, akafungua wali wake uliofungwa kwenye jani la mgomba, akaanza kula ungali moto.